Siwa Ndani ya Kasha

Kwetu kitu chochote kinachopiga muziki nyumbani ni redio. Kiwe na mlango wa kaseti, kiwe na sahani tatu za CD zinazopokezana zamu, kiwe na spika ndefu zenye taa za rangi, mwenye nyumba atasema tu, "Hebu washa redio." Wajuzi wa vifaa hucheka wakisikia hivyo. Mimi niliacha kucheka siku nilipogundua kwamba moja ya makasha mashuhuri ya enzi ya CD, Bose Wave la Marekani, lilipewa jina hilohilo na waliolitengeneza. Hata lilipoongezewa CD mwaka 1998 waliliita Wave Radio/CD: redio mbele, CD nyuma. Na mtu ambaye jina lake limeandikwa usoni mwa kasha hilo alianza kujitafutia riziki akiwa fundi redio wa miaka 13.

Amar Gopal Bose alizaliwa Philadelphia tarehe 2 Novemba 1929, siku nne baada ya soko la hisa la New York kuporomoka. Baba yake, Noni Gopal Bose, alikuwa Mbengali aliyefungwa na Waingereza kwa kupigania uhuru wa India, kisha akakimbilia Marekani mwaka 1920. Mama yake, Charlotte, alikuwa Mmarekani mzungu. Ndoa ya namna hiyo katika Marekani ya miaka ile haikupita bila kutupiwa jicho. Uzeeni Amar alisimulia jinsi walivyokuwa wakiingia mkahawani, wakakaa mezani muda mrefu, na chakula kisije.

Riziki ya nyumba ilitegemea bidhaa ambazo baba aliagiza kutoka India. Vita Kuu ya Pili ilipozikata meli, biashara ikafa. Mtoto alikuwa tayari na mkono wa ufundi, maana alikuwa akitengeneza treni za kuchezea za wenzake, basi akamwambia baba yake azunguke kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kuomba kubandika tangazo kwamba hapa redio zinatengenezwa. Wakati ulikuwa upande wao. Aprili 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa redio za kiraia ili viwanda vihudumie jeshi. Mafundi wengi nao walikuwa vitani. Aliyekuwa na redio mbovu hakuwa na njia ila kuitengeneza, na redio zikamiminika kwenye chumba cha chini cha nyumba ya akina Bose.

Mwaka 1947 aliingia chuo cha teknolojia cha MIT, jirani na Boston, akakaa hapo mwanafunzi kisha mwalimu hadi mwaka 2001. Alisoma chini ya watu wazito, mmoja wao akiwa Norbert Wiener, baba wa sayansi ya sibanetiki. Mwaka 1956, shahada ya udaktari ikiwa mkononi au imekaribia sana, aliamua kujizawadia mtambo mzuri wa muziki. Utotoni alifundishwa fidla kwa miaka kadhaa, kwa hiyo sikio lake lilijua sauti ya fidla ikiwa chumbani. Alichagua mtambo kama mhandisi anavyochagua: alisoma vipimo vilivyochapishwa, akalinganisha namba, akachukua wenye namba bora. Alipoupeleka nyumbani na kuuwasha, fidla haikuwa fidla.

Nadhani historia nzima ya kampuni yake imo katika jioni hiyo. Mwingine angeurudisha dukani. Bose alitaka kujua ni vipi karatasi iseme kweli na sikio likatae. Akaanza kupima sauti katika kumbi za muziki, akaona kwamba sehemu kubwa ya sauti inayomfikia msikilizaji haiji moja kwa moja kutoka jukwaani, inagonga kuta na dari kwanza. Spika za dukani zilikuwa zikimrushia mtu sauti usoni kama tochi. Mwaka 1964 akaanzisha kampuni, ambayo baadaye iliweka makao yake Framingham, Massachusetts. Bidhaa ya kwanza ya nyumbani, ya mwaka 1966, ilikuwa tufe lililokatwa, limejaa spika ndogo 22 na kusimamishwa kwenye kona ya chumba. Haikupata wanunuzi. Mwaka 1968 ikaja spika ya 901, yenye spika ndogo tisa ndani yake: moja ikimtazama msikilizaji, nane zikitazama ukuta. Hiyo iliuzika.

Iliuzika, na ikamfikisha mahakamani. Mei 1970 jarida la Consumer Reports, ambalo Wamarekani walilisoma kabla ya kununua hata pasi, liliandika kwamba ala za muziki zikipigwa kwenye 901 zilionekana kama zinatangatanga chumbani. Bose aliona neno hilo limepotoshwa. Waliofanya jaribio, ilipochimbuliwa, walisema walichosikia ni sauti kusogea huku na huku kwenye ukuta ulio mbele yao. Kampuni ikashitaki. Kesi ilipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 30 Aprili 1984 majaji sita dhidi ya watatu wakaliachia jarida ushindi, kwa hoja ya uhuru wa vyombo vya habari. Miaka kumi na minne kutoka kuchapishwa kwa sentensi hadi hukumu. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo mpaka leo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuisikia spika yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1984, kampuni ikiwa imeshindwa, ilitoa kasha ambalo nalo, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, lilikula miaka 14 ya utafiti. Liliitwa Acoustic Wave Music System.

Tatizo lililotafutiwa dawa ni la zamani. Sauti nyembamba haihitaji nguvu nyingi, spika ya ukubwa wa kisahani cha kahawa inaiweza. Sauti nzito, besi, inataka hewa nyingi isukumwe polepole. Kuitafuta besi kwenye spika ndogo iliyo peke yake ni kama kupepea ukumbi wa harusi kwa kipepeo cha jikoni. Ndiyo maana kwa miongo mingi aliyetaka besi alinunua makabati mawili, amplifaya, deki, na nyaya za kuviunganisha, na sebule ikawa ghala. Aliyetaka kasha dogo alikubali sauti ya kopo.

Njia ya tatu ilijulikana kabla ya umeme. Makumbusho ya Lamu yanayo siwa ya Pate, baragumu ya pembe za ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, pamoja na siwa ya Lamu ya shaba. Mpiga siwa hana mapafu ya ndovu. Anachofanya ni kutikisa hewa kidogo kwa midomo yake, na hewa iliyojipanga ndani ya pembe inaitika, inachagua sauti inayolingana na urefu wake, inaikuza, na mji mzima unajua kuna jambo. Nguvu haitoki kwa mpigaji peke yake. Inatoka kwenye urefu wa njia. Na anayesema urefu huo hauwezi kuingia kwenye kasha hajaitazama tarumbeta, ambayo ni bomba refu lililokunjwa likatosha mikononi.

Bose na mhandisi wake William Short walifanya hivyo. Walichukua bomba lenye urefu wa karibu mita 2, wakalikunja ndani ya kasha la plastiki kama utumbo tumboni, wakaweka spika moja ya besi ndani ya njia hiyo, na mdomo wa bomba wakauachia wazi. Spika nyingine mbili ndogo zilitazama mbele kwa ajili ya sauti za juu. Hesabu yake haisumbui: bomba la mita 2 lililozibwa upande mmoja hupenda kuitika kwenye mitetemo kama 43 kwa sekunde, kwa kuwa wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 8 na bomba ni robo yake. Mitetemo 43 ni chini kabisa, ni pale gitaa la besi linapoishia. Spika yenye upana wa kiganja haikutarajiwa kufika huko.

Lakini bomba lina upendeleo. Linaziitika sauti zinazolingana nalo na kuzipuuza nyingine. Siwa haioni shida kwa hilo, kwa sababu haijatumwa kupiga taarabu, inatangaza tu. Kasha la muziki linatakiwa kupiga kila kitu. Ikabidi amplifaya ya ndani itengenezwe kwa ajili ya bomba lile tu, ikizipunguza sauti ambazo bomba linazipenda mno na kuzisukuma zile linazozibania. Hapo ndipo umoja wa kasha ulipopata maana. Si kwamba vitu vingi vilibanwa mahali pamoja ili kuokoa nafasi. Amplifaya, spika na bomba vilitengenezwa kila kimoja kikijua aibu za mwenzake, na ukivitenganisha havifai kitu. Mwaka 1987 Bose na Short walitunukiwa pamoja kuwa wavumbuzi wa mwaka nchini Marekani kwa ajili ya bomba hilo.

Kasha la kwanza lilikuwa na redio na kaseti. CD haikuwemo.

CD yenyewe ilikuwa na miaka miwili sokoni. Philips ya Uholanzi iliionyesha kwa waandishi wa habari Machi 1979 mjini Eindhoven, ikakubaliana na Sony ya Japani kushirikiana, na mwaka 1980 kampuni mbili hizo zikaandika kanuni zake: kipenyo cha sentimita 12, sauti kupimwa mara 44,100 kila sekunde, dakika 74 za muziki. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony iliuza mashine ya kwanza, CDP-101, kwa yen 168,000. Hiyo ni mashine tu, bila spika wala amplifaya. Inaeleweka basi kwa nini mwaka 1984 kasha la nyumbani liliona kaseti inatosha.

Ukiitazama CD kwa karibu, utashangaa ilivyokubali kuishi kwenye nyumba za watu. Vishimo vya sauti vimepangwa kwenye mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati kwenda nje. Ukiunyoosha mstari huo unapita kilomita 5. Kati ya mzunguko na mzunguko kuna nafasi ya mikromita 1.6, wakati unywele wa mtu una makumi ya mikromita. Leza haigusi chochote, inamulika tu, huku sahani ikizunguka mara 500 kwa dakika ikisomwa karibu na katikati na ikipunguza mwendo hadi kama 200 ikifika ukingoni, ili vishimo vipite mbele ya leza kwa kasi ileile. Vumbi, alama za vidole na mikwaruzo vilikuwa vimehesabiwa tangu mwanzo. Sauti imeandikwa kwa hesabu ambayo Irving Reed na Gustave Solomon waliichapisha mwaka 1960, wakati hakuna aliyeiwazia muziki. Pakikosekana kipande, mashine inakirudisha kwa kutazama vilivyobaki, kama sheikh aliyehifadhi anavyomshika mwanafunzi aliyeruka neno. Mkwaruzo wa milimita mbili hupita bila msikilizaji kushtuka.

Na CD ilileta besi ambayo santuri na kaseti zilikuwa zikiipunja. Sindano ya santuri haipendi besi kubwa, inarukaruka, kwa hiyo waliokata santuri waliibana. Kaseti nayo ilikuwa na mvumo wake wa kudumu. CD iliacha kimya kabisa kati ya sauti na sauti, na chini ya kimya hicho besi kamili. Vikasha vingi vidogo vilivyobandikwa neno CD katika miaka hiyo viliipokea zawadi hiyo visiwe na pa kuiweka. Kasha la Bose lilikuwa na pa kuiweka miaka kadhaa kabla ya mgeni kufika. Toleo lenye CD badala ya kaseti lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, likiwa na ndoa ngumu ndani yake: upande mmoja bomba linalotetemesha hewa kwa nguvu, upande wa pili jicho la leza linalotaka kutulia kwenye njia nyembamba kuliko unywele.

Mwaka 1993 bomba lilifupishwa. Wave Radio lilikuwa na bomba la sentimita 86 hivi, linalobadilika upana kadiri linavyokwenda, ndani ya kasha la kuweka kando ya kitanda. Saa mbele, redio, basi. Miaka mitano baadaye likaja lile lenye CD chini ya kifuniko cha juu, kwa dola 499.

Dola 499 hazikuwa mchezo. Kwa pesa hiyo mnunuzi wa Marekani angepata mtambo wa Kijapani wenye sahani kadhaa, deki mbili za kaseti, spika mbili za kusimama, na chenji ya kununulia CD. Mitambo ya aina hiyo ndiyo iliyofika kwetu kupitia Dubai, na ndiyo iliyoweka sura ya sebule za Kariakoo na Mombasa: kubwa, yenye taa, namba za wati zimebandikwa kwa stika usoni. Maelfu ya wati, ukiamini stika. Kaseti zake zilichakaa kwa kupigwa, huku trei ya CD ikisubiri sahani ambazo bado zilikuwa ghali kuliko kanda.

Kasha la Bose halikuwa na stika, na kampuni haikutangaza wati wala jedwali la vipimo. Washindani waliona ni ujanja wa kuficha udhaifu. Huenda ujanja ulikuwemo, mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Lakini mtu aliyenunua mtambo mwaka 1956 kwa kuamini karatasi alikuwa na sababu ya kutoandika karatasi. Mahali pa namba waliweka siku 30. Ulisoma tangazo gazetini, au ulimsikia mtangazaji Paul Harvey akilisifia kwenye redio, ukapiga simu, kasha likaletwa kwa posta, ukakaa nalo mwezi mzima sebuleni kwako. Usipoliridhia, ulilirudisha. Sikio ndilo lililoachiwa kuamua, na nyumbani, si katika chumba cha duka.

Wapenzi wa muziki waliojiita wenye masikio hawakulikubali. Walitunga hadi kibwagizo cha kuikejeli Bose, kwamba haina sauti za juu wala za chini. Upande wa chini kibwagizo kinaonea, ila madai yao mengine yana uzito. Spika mbili zilizo kwenye kasha moja haziwezi kutandaza muziki kushoto na kulia kama spika zilizotengana mita mbili. Bendi nzima inasikika imekaa kwenye benchi moja. Bei nayo ilikuwa juu ya plastiki iliyotumika. Walichokosa kukiona ni kwamba mnunuzi wa Wave hakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha katikati akisikiliza kwa kufumba macho. Alikuwa mama anayekata vitunguu, mzee anayesoma gazeti, mtu aliyetaka muziki uijaze nyumba bila yeye kujifunza jina la waya hata mmoja.

Nchini Marekani CD zilifikia kilele mwaka 2000, zaidi ya milioni 940 kwa mwaka mmoja, kisha zikaanza kuteremka. Wave la mwaka 2004 lilikuwa zuri kuliko yote kwa umbo: mabomba mawili ya sentimita 66, CD ikimezwa kwa mbele kupitia tundu jembamba, na kitufe hata kimoja hakuna, kila kitu kwenye rimoti ndogo kama kadi. Ukiipoteza rimoti, kasha lilikuwa pambo. Kufikia hapo muziki ulikuwa umeshaanza kuhamia mifukoni mwa watu. Bose, ambaye alikataa maisha yake yote kuuza hisa za kampuni sokoni, akisema kwenye kampuni inayoongozwa na wenye shahada za uongozi wa biashara angekuwa ameshafukuzwa mara mia, aliikabidhi MIT hisa nyingi mwaka 2011, hisa za kupata gawio bila kupiga kura. Alifariki tarehe 12 Julai 2013, akiwa na miaka 83.

Makasha yake hayafi kwa pamoja, yanakufa kwa sehemu, na fundi redio yeyote anajua pa kuanzia: jicho la leza. Vumbi linaingia, nguvu ya leza inapungua, mashine inazungusha sahani, inatafuta, na kioo kinaandika kwamba hakuna CD, wakati umeiweka mwenyewe sasa hivi. Pamba na spiriti husaidia kwa muda. Baadaye hazisaidii tena. Bomba halina cha kuharibika, ni hewa na plastiki.

Nyuma ya Wave Radio/CD kuna tundu dogo la waya, limewekwa pale kwa ajili ya televisheni na deki za enzi zake. Wanaomiliki kasha hilo leo huchomeka hapo waya wa simu. Simu yenyewe huilaza juu ya kifuniko cha CD ambacho hakifunguliwi tena, na besi inatoka kama siku ya kwanza.